Mtoto Anayekula kwa Kificho: Mazungumzo na Wazazi na Walezi wa Kata ya Mwigobero



Katika nyumba nyingi za kata hii, chakula cha jioni ndicho chakula kikuu cha siku. Mama aliyeamkia mwaloni kununua dagaa hurejea jua likielekea kuzama, moto huwashwa, ugali husongwa, na familia huketi pamoja. Basi inapotokea kwamba sufuria ya mboga imekutwa tupu kabla watu hawajaketi, na mtoto wa miaka 10 amejibanza nyuma ya mlango akijifuta midomo, jambo hilo si dogo. Watu watano walikuwa wakikitegemea chakula hicho, na mdogo wake atalala na uji mwepesi. Hukumu hutoka papo hapo: mlafi, mwizi, mtoto asiye na adabu. Fimbo hufuata, na siku ya pili chakula hufungiwa chumbani kwa kufuli.

Mazungumzo haya yanamhusu mtoto wa namna hiyo. Hayamhusu kila mtoto anayedokoa mnofu wa samaki jikoni, kwa kuwa kudokoa ni sehemu ya utoto na wengi waliomo katika kata hii walidokoa wakakua salama. Anayezungumziwa ni mtoto ambaye mambo matatu yamekutana ndani yake. Kwanza, akili yake haitulii: huanza kazi asiimalize, hupoteza kalamu kila siku, hujibu kabla swali halijaisha, na husahau alichotumwa kabla hajafika dukani. Pili, anaandamwa na hofu: asubuhi ya shule tumbo linamuuma, usiku hataki kulala peke yake, na jambo dogo la kesho humkosesha raha tangu leo. Tatu, hula kwa kufakamia, tena mara kwa mara, kiasi kikubwa kwa muda mfupi, kwa kujificha, mpaka tumbo lauma. Na akimaliza hujaa aibu.

Kabla ya kulifikia jambo lenyewe, yapo mengine ya kuondoa njiani. Mtoto anayekula sana kwa sababu hajashiba hana ugonjwa wa akili, ana njaa. Ikiwa tangu asubuhi amekunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi na akatembea kwenda shule na kurudi, kumaliza ugali jioni ni jambo la kutarajiwa. Pia mtoto aliye katika kipindi cha kukua haraka hula kama mtu mzima, wala hilo si kosa. Lakini mtoto anayekula sana, anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa mara nyingi, na huku anakonda, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe sukari. Kisukari huwapata watoto pia, na kwa mtoto hali hubadilika kuwa mbaya kwa siku chache tu. Minyoo nayo ipimwe, kwa kuwa ni rahisi kuipima na kuitibu; lakini mzazi asirudie dawa ya minyoo kila mwezi akitumaini kwamba itaondoa ufakamiaji.

Liko na jambo la mwalo wenyewe. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao ziwavute dagaa juu ya maji, na mwezi unapokuwa mpevu kazi husimama. Kwa familia zinazoishi kwa dagaa, mwezi hupanga pia chakula cha nyumbani: wiki za giza fedha ipo na sahani zimejaa, wiki ya mwezi mpevu mikono hukunjwa. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hujifunza mapema kwamba chakula kikionekana kiliwe chote, kwa kuwa kesho hakijulikani. Kwa watoto wengi mazoea hayo hayana madhara makubwa. Kwa mtoto mwenye pupa na hofu, huwa kama petroli karibu na jiko.

Sasa, hiyo hali ya akili isiyotulia ni kitu gani? Madaktari huiita upungufu wa umakini na utukutu uliozidi, na huiandika kwa herufi nne, ADHD. Wapo wanaodai kwamba ni maradhi yaliyobuniwa juzi kwa ajili ya watoto wa Ulaya wanaodekezwa. Madai hayo hayana msingi. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London akaeleza habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kutuliza mawazo wala kujizuia, na ambao adhabu haikuwabadilisha. Makadirio ya kidunia huweka hali hii kwa takriban mtoto 1 kati ya kila 20. Darasa la wanafunzi 60, kwa hesabu hiyo, laweza kuwa na watatu. Ili mtoto ahesabiwe kuwa nayo, dalili ziwe zilianza kabla hajatimiza miaka 12, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, na zionekane mahali zaidi ya pamoja; mtoto anayemsumbua mwalimu mmoja tu na kutulia kwingine kote, hilo ni suala jingine.

Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na si ajabu baba anayelalamika kwamba mtoto hatulii akawa naye aliacha shule kwa sababu ile ile. Katika ukanda wa ziwa kuna chanzo kingine cha matatizo ya umakini ambacho hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni malaria kali inayopanda kichwani. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya namna hiyo. Miaka miwili baadaye, zaidi ya robo yao walikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, hasa umakini. Kwa hiyo mama anayekumbuka kwamba mwanawe alipoteza fahamu kwa homa akiwa na miaka mitano, na kwamba baada ya hapo hakuwa yule yule, amwambie daktari habari hiyo. Wengi huiacha nyumbani wakidhani imepitwa na wakati.

Malezi mabaya hayaleti ADHD. Jambo hili lahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa methali ya kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hutumiwa ovyo dhidi ya akina mama, mara nyingi na ndugu wa mume ambao hawajawahi kukaa na mtoto huyo hata siku mbili mfululizo. Wala haliletwi na jicho la jirani. Maombi ya familia hayazuiwi na mtu. Lakini mtoto asifungishwe kula ili kitu kimtoke, na dawa isiyojulikana asinyweshwe.

Uhusiano wa hali hiyo na ufakamiaji wafaa uelezwe taratibu, maana hapo ndipo msaada unapoanzia. Mtoto mwenye upungufu wa umakini hasikii vizuri taarifa za mwili wake. Asubuhi, akiwa anatafuta kiatu kilichopotea, hasikii njaa. Uji hubaki kikombeni. Shuleni hofu humkaza tumbo. Mchana akirudi anacheza, anasahau. Saa kumi na mbili jioni mwili unadai deni lote la siku kwa mkupuo, tena kutoka kwa mtoto ambaye ubongo wake huchelewa kumwambia "basi, inatosha". Juu ya njaa hiyo kuna wasiwasi aliokusanya kutwa nzima: kuchekwa ubaoni, kuitwa mjinga, kuogopa daftari lisilokamilika. Kula humtuliza kwa dakika chache. Kisha inakuja aibu, halafu kiboko, halafu hofu ya kiboko kingine, na hofu hiyo inatafuta tena kitu cha kuituliza. Mtoto huyu hakukusudia kuwalaza wenzake na njaa. Aulizwapo "kwa nini?" na kujibu "sijui", mara nyingi anasema kweli.

Daktari wa Marekani Albert Stunkard aliandika juu ya ulaji wa namna hii mwaka 1959, na mwaka 2013 madaktari wa akili wa nchi hiyo waliuorodhesha kuwa ugonjwa unaojitegemea: kula kiasi kinachozidi sana kile ambacho wengine wangekula kwa muda huo, huku mtu akihisi kwamba hana uwezo wa kusimama, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Kipimo cha kweli kwa mzazi ni hicho cha kushindwa kusimama. Wingi wa chakula peke yake hautoshi.

Kwa nini kumnyima chakula hakusaidii? Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema, akawapunguzia chakula kwa takriban nusu kwa muda wa miezi sita. Watu wazima hao, wenye akili zao, walianza kuota chakula, kukizungumzia mchana kutwa na kulamba sahani. Walipoachiwa kula, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakahisi hawajashiba. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wanaume waliokomaa, mtoto wa darasa la nne aliyelazwa bila kula kama adhabu ataamkaje? Ataamka akitafuta. Kumnyima leo ni kumwandalia ufakamiaji wa kesho.

Kinachosaidia ni saa. Mtoto huyu ale kwa saa zinazojulikana, awe na hamu au asiwe nayo, asipitishe zaidi ya saa tatu au nne bila kitu. Familia nyingi zitasema, na zina haki ya kusema, kwamba fedha ya milo mitano haipo. Lakini hapa hakihitajiki chakula zaidi. Kinahitajika chakula kile kile kigawanywe upya. Uji unywewe kabla ya kutafuta viatu, si baada yake, tena mtoto akiwa ameketi na mtu mzima au dada mkubwa akiwa karibu. Pale shule inapotoa uji wa saa nne, mchango wake ulipwe mapema kuliko michango mingine, maana kwa mtoto huyu kikombe hicho ni sehemu ya tiba. Akirudi akute fungu lake: kiazi kitamu kilichochemshwa, muhogo, au kiporo cha ugali na dagaa kidogo, kimefunikwa mahali anapopajua, na ameambiwa kwamba ni chake wala hakuna atakayemuuliza. Sarafu ya kununua barafu na kashata njiani haifanyi kazi hiyo. Sukari humpandisha na kumwangusha, na njaa hurudi kabla ya adhuhuri.

Ndugu zake nao wana haki. Chakula kipakuliwe mafungu kabla hakijaletwa, fungu la aliye ziwani au kwenye biashara liwekwe pembeni, na kila mtoto apate sahani yake kwa muda, hata kama desturi ya nyumba ni kula sinia moja. Katika sinia moja mtoto mwenye pupa humaliza wenzake, wenzake humchukia, na chuki hiyo humrudisha mafichoni. Wote wapewe sahani. Akipewa yeye peke yake imekuwa alama ya aibu. Chakula cha biashara, kama mandazi ya kuuza alfajiri, kihifadhiwe mahali asipopita, bila maneno na bila kumtaja. Kumwondolea kishawishi ni jambo jema, ila kufuli linalofungwa mbele ya macho yake kwa hotuba humwambia kwamba nyumba nzima imemkinai.

Usiku atakapofakamia tena, na atafakamia tena, saa hiyo si ya mafunzo. Apewe maji, anawe, alale. Kesho yake uji upo kama kawaida. Asipunguziwe ili "afidie". Baadaye, mambo yakiwa yametulia, mzazi aseme kwa ufupi kilichotokea na kumhusisha katika kurekebisha, kwa mfano kumsaidia dada kupika upya. Neno "mlafi" litoke katika nyumba hiyo, pamoja na mizaha juu ya tumbo lake. Wajomba na mabinamu huona ni utani. Mtoto mwenye wasiwasi hulihesabu kila neno.

Kuhusu kutotulia, maagizo yawe mafupi na liwe moja moja. "Chukua ndoo" yatosha. Ndoo ikifika ndipo jingine. Mzazi amkaribie, amguse bega, amtazame usoni kabla ya kusema, maana maneno yanayotupwa kutoka jikoni hayamfikii. Afanyapo vema asifiwe papo hapo, kwa kutaja alichofanya; zawadi ya mwisho wa mwezi iko mbali mno kwake. Apewe kazi ya mwili, kuchota maji au kucheza mpira, kabla ya kuketi na daftari. Alale saa ile ile kila siku, kwa kuwa usingizi mchache huongeza pupa na njaa kwa pamoja. Na kwa ajili ya hofu, kabla ya kulala aambiwe kesho itakuwaje: nani atamwamsha, atakula nini, nani atakuwepo akirudi. Asiachiwe kukaa nyumbani kila tumbo linapouma, kwa kuwa hofu inayokimbiwa hukua. Asindikizwe mpaka lango la shule, na siku nyingine mpaka nusu ya njia.

Shule ina nafasi kubwa katika habari hii. Upimaji wa darasa la nne unapokaribia, mwezi Oktoba, mtoto wa namna hii huzidiwa na hofu, na nyumbani chakula hupotea zaidi. Walimu na wazazi wakizungumza watauona uhusiano huo wenyewe. Mwalimu aweza kumkalisha mbele, mbali na dirisha, kumtuma kufuta ubao anapoanza kurukaruka, na kumpa zoezi vipande vipande. Kuhusu viboko, kanuni za elimu zinawaruhusu walimu wakuu kuvitumia, wao au mwalimu waliyemteua, kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, na viandikwe katika kitabu. Kusahau kalamu na kushindwa kutulia si makosa makubwa ya nidhamu. Mzazi anayeona mwanawe anachapwa kwa hayo ana haki ya kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, na afanye hivyo kwa heshima na mapema, kabla mtoto hajaanza kujificha vichakani saa za masomo.

Yote hayo yaweza kuanza leo bila cheti cha daktari. Hata hivyo mtoto apelekwe. Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapimwa uzito na urefu, sukari, minyoo na upungufu wa damu, na kuandikiwa rufaa. Hatua ya pili ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Kwangwa, na ikihitajika zaidi, Bugando jijini Mwanza. Safari ya Mwanza ni ya zaidi ya kilomita 200, na nauli ya watu wawili si mchezo. Kwa sababu hiyo familia ijitayarishe ili isiende bure.

Matayarisho yenyewe ni daftari la shule na wiki mbili za subira. Kila siku iandikwe mtoto alikula nini na saa ngapi, alilala lini, na siku alipofakamia, kilitangulia nini: ugomvi, mtihani, mchana bila chakula, baba kusafiri. Asiandike mtoto mwenyewe, wala asisomewe, maana daftari hilo litageuka hati ya mashtaka. Mwalimu naye aombwe barua fupi ya anayoyaona darasani. Kadi ya kliniki ya utotoni ichukuliwe, pamoja na habari za uzazi wake na homa kali alizowahi kupata. Karatasi hizo tatu humwezesha daktari kuona kwa saa moja kile ambacho vinginevyo kingehitaji safari tatu.

Tiba ina sehemu kadhaa: mafunzo kwa wazazi, mazungumzo ya kitaalamu na mtoto juu ya hofu na ulaji, na kwa baadhi ya watoto, dawa. Baadhi ya dawa za kutuliza akili isiyotulia hupunguza hamu ya kula mchana, kisha nguvu yake ikiisha jioni njaa hurudi kwa kishindo. Mzazi anayeona aibu na kuficha habari za sufuria tupu anaweza kumfanya daktari achague dawa ambayo itaongeza tatizo lile lile. Dawa hizo hazinunuliwi kwa kuulizana, wala hazigawanywi kati ya watoto.

Zipo dalili zisizosubiri daftari wala nauli ya mwisho wa mwezi: mtoto anayejitapisha baada ya kula, anayekataa kula siku nzima kwa kujiadhibu, au anayesema afadhali afe. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo, na asiachwe peke yake. Familia iliyoelemewa, au jirani anayejua kwamba mtoto anafungiwa na kunyimwa chakula, amwone Afisa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, au apige simu namba 116, namba ya kumsaidia mtoto, ambayo haitozwi malipo. Mtoto mwenyewe pia aweza kuipiga, na ni vema aambiwe namba hiyo.

Mabadiliko hayaji kwa wiki moja. Nyumba iliyoshika saa za kula itaona kwanza kwamba siku za kufakamia zimepungua kutoka nne kwa wiki hadi tatu, kisha zitarudi kuwa nne mwezi mpevu ukifika na mboga ikapungua. Siku hizo ndizo za kulinda uji wa asubuhi kuliko kitu kingine chochote, hata kama mboga ya jioni itakuwa chumvi na pilipili.